Dua na Nauli: Tunamwombea Nani Nyamongo?

Katika dini yetu sisi Waislamu, kumwombea ndugu aliye matesoni si hisani ambayo mtu huitoa moyo wake ukipenda. Ni haki ambayo mwenye kuteseka anatudai. Deni hilo tumelikubali kwa vinywa: kila Ijumaa, kuanzia Kigoma hadi Pemba, khatibu anapoukaribia mwisho wa hotuba ya pili huinua mikono na kutaja miji ya mbali, nasi huitikia amina kwa sauti moja. Sina ugomvi na amina hiyo. Ninachotaka kukijadili leo ni swali ambalo amina hiyo haijalijibu. Ndugu aliye matesoni umbali wa kilomita elfu kadhaa tunamjua kwa jina la mji wake. Akiwa nyuma ya ukuta wa msikiti wetu, je, tunamjua kwa jina lake mwenyewe?

Nianze na asili ya jambo, maana wengi wetu tumelirithi bila kulichunguza. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hiyo kunuti ya alfajiri tunaijua tangu utotoni. Ipo kunuti nyingine, ya nazila, yaani ya msiba uliowashukia Waislamu, ambayo huweza kuletwa katika sala zote tano. Asili yake ni tukio la mwaka wa 4 Hijria. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwatuma Swahaba waliokuwa wasomaji wa Qur'ani kwenda kufundisha upande wa Najd. Wakafanyiwa hiana na kuuawa mahali paitwapo Bir Mauna. Riwaya mashuhuri zinasema walikuwa sabini. Kwa muda wa mwezi mzima Mtume alisimama katika sala akiyataja makabila yaliyohusika na mauaji yale: Ri'l, Dhakwan na Usayya. Vilevile aliwaombea Waislamu waliozuiliwa Makka wasiweze kuhama, akiwataja mmoja mmoja: al-Walid bin al-Walid, Salama bin Hisham na Ayyash bin Abi Rabia.

Mambo mawili katika historia hiyo hunishughulisha kila ninapoisoma. La kwanza ni majina. Dua ile haikuishia kuwaombea wanyonge kwa jumla. Iliwataja watu ambao mama zao walijulikana, na wauaji ambao malisho ya mifugo yao yalijulikana. La pili ni kwamba ilisomwa hadharani, mbele ya safu. Mtu wa Madina aliyeingia msikitini bila habari alitoka akijua nani ameua na nani bado yuko kifungoni. Zama hizo hapakuwa na gazeti wala redio, na kunuti ilikuwa pia ni taarifa. Aliyeitikia amina hakuweza tena kusema kwamba hakusikia.

Nimelifikiri jambo hili zaidi tangu Ramadhani ya mwaka 2024, nilipokwenda Nyamongo pamoja na wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili waliokuwa wakichunguza masuala ya fidia ya ardhi. Kwa msomaji asiyepafahamu, Nyamongo iko wilayani Tarime, mkoani Mara, karibu na Mto Mara, na ng'ambo ya mto huo ni Wilaya ya Serengeti. Ni nchi ya Wakurya, wafugaji na wakulima, ambao chini ya mashamba yao kulikuwa na dhahabu. Wachimbaji wadogo walikuwa wakiichimba kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Kampuni ya Barrick ya Kanada iliuchukua mgodi huo mwaka 2006. Mwaka 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold, iliyobadili jina mwaka 2014 ikawa Acacia. Mwaka 2019 Barrick iliirudisha Acacia yote mikononi mwake, na tangu mwaka 2020 Serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga Minerals.

Historia ya mahali hapo imeandikwa pia kwa maji na kwa damu. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutegemea wao na ng'ombe wao. Tarehe 16 Mei 2011 watu wengi waliingia eneo la mgodi kutafuta mawe yenye dhahabu. Polisi walifyatua risasi na watu wasiopungua watano wakafa. Mwaka 2013 baadhi ya wanavijiji walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, ambayo ilimalizwa mwaka 2015 kwa makubaliano nje ya mahakama. Mwaka 2016 uchunguzi wa upande wa serikali ulipokea taarifa za vifo 65 na majeruhi 270. Hizo ni taarifa zilizopokewa, si hukumu. Na kampuni imeshikilia kwa miaka mingi kwamba polisi wako chini ya amri ya dola, si chini yake. Mwaka 2022 kesi nyingine ilifunguliwa Ontario, Kanada. Sizitaji tarehe hizi ili kumhukumu mtu. Nazitaja ili tukubaliane kwamba Nyamongo wapo watu wanaoteseka, na kwamba mateso hayo si ya jana.

Waislamu wa Nyamongo ni wachache. Wenyeji wengi ni Wakristo, na wapo wanaoshika mila za wazee wao. Waislamu wengi niliokutana nao walifuata dhahabu au biashara kutoka Musoma, Mwanza, Kigoma na hata Tanga. Wapo pia Wakurya waliosilimu. Ijumaa ya pili ya mfungo ule tulisali katika msikiti mdogo wa matofali na bati. Mvua ya masika ilipiga bati tangu adhana ya kwanza, hata khatibu akalazimika kupaza sauti. Alipofikia dua aliitaja Gaza. Wakati huo idadi ya waliouawa, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, ilikuwa imepita 30,000, na sidhani kama alikuwemo mtu mle ndani ambaye hakuwa ameziona picha za wale watoto katika simu yake. Watu walilia. Mchimbaji mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye vumbi la mawe lilikuwa bado limeganda kwenye kucha zake, alilia hadi mabega yakatikisika. Sikuona unafiki wowote katika kilio kile. Usiku, katika sala ya Isha, imamu alileta kunuti, na amina ikapanda tena.

Baada ya tarawehe mzee mmoja wa Kikurya, aliyesilimu ujanani alipokuwa akifanya kazi Musoma, alinikaribisha nyumbani kwake tunywe uji wa ulezi. Tulizungumza kuhusu mvua na bei ya ng'ombe, kisha akaniambia:

“Mwalimu, leo tumewaombea watu wa Gaza. Mwenyezi Mungu awafariji. Na mimi nimeitikia.” Akanyamaza kidogo. “Lakini kijana wangu alipokufa, Ijumaa iliyofuata sikusikia jina lake.”

“Alikufaje, mzee wangu?”

“Alifukiwa. Waliingia usiku katika duara la mtu, duara ambalo lilikuwa limefungwa. Kifusi kikashuka. Walimtoa siku ya pili. Watu wakasema amekufa akiiba mawe. Kwenye maziko tulikuwa watu saba pamoja na imamu, na wawili hawakuwa Waislamu. Ni majirani tu. Ndio waliochimba kaburi.”

“Na wenzako wa msikitini?”

“Walikuja kunipa pole. Mmoja mmoja, usiku, kama watu wanaokuja kukopa.”

Hakuyasema hayo kwa hasira. Alimsifu imamu kwamba ni mtu mwema, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake na kumsalia kama sharia inavyotaka. Kilichomwuma ni kwamba mambo yaliishia hapo. Marehemu aliacha mke na watoto wawili. Mjane sasa hugonga mawe kwa nyundo karibu na karasha la mtu, na hulipwa kwa ndoo. Jamaa wale wale waliolia mchana kwa ajili ya watoto wa Gaza humpita kila siku wakielekea kazini, naye huwaitikia salamu.

Kwa nini dua ya mbali huwa nyepesi kuliko ya karibu? Nimejaribu kutafuta sababu, nami naziona tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtu wa mbali tumemtakasa. Hatumjui alimkopa nani, alimtukana nani, alilewa lini. Umbali umemwosha madoa yote ukambakishia mateso peke yake. Mtu wa karibu huja na kesi yake. Kijana aliyefukiwa duarani alikuwa na historia, na kila mwana msikiti alikuwa na kipande chake cha historia hiyo. Tunapotaka kuinua mikono, kipande hicho hututua mikono. Tunajiuliza kama anastahiki.

Sababu ya pili ni kwamba dua ya mbali haitudai kitu Jumatatu. Nikimwombea mjane wa Gaza, sina njia ya kufika mlangoni kwake hata nikitaka. Wajibu wangu unaonekana kuishia pale mikono inaposhuka usoni. Nikimwombea mjane wa Nyamongo kwa jina lake, na nyumba yake naijua, dua yangu itanifuata hadi sokoni. Nitakapompita akigonga mawe, amina yangu itaniuliza ninakwenda wapi.

Sababu ya tatu ni hofu, na hii hatupendi kuizungumza. Katika nchi yetu zipo dua ambazo imamu huzisoma bila kufikiri mara mbili, na zipo zinazomfanya atazame mlangoni kwanza. Wanaokumbuka Mwembechai, Februari 1998, wanajua nasema nini. Wanaokumbuka Januari 2001 kule Unguja na Pemba, watu walipouawa katika maandamano na wengine kwa mamia wakavuka bahari hadi Shimoni nchini Kenya, wanajua pia. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu huku Bara miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hadi mashtaka hayo yalipofutwa Juni 2021. Familia zao zilifunga Ramadhani moja baada ya nyingine bila wao. Wapo maimamu waliowaombea kwa majina muda wote huo, na wakumbukwe kwa hilo. Misikiti mingi mingine iliishia kuwaombea wafungwa wa Kiislamu popote walipo. Neno popote ni pana sana. Mtu anaweza kulitumia kumwombea mwenzake, na anaweza kulitumia kujificha.

Najua nitakachojibiwa: tusichanganye dini na siasa. Maneno haya tumeyasikia tangu tukiwa watoto, na yana hekima yake katika nchi yenye watu wa dini nyingi. Msikiti usigeuzwe jukwaa la chama, na khatibu asiwe mpiga debe. Hata hivyo, tuipime hoja hiyo kwa mizani ya Bir Mauna. Kutaja waliouawa na kumwomba Mwenyezi Mungu awahukumu wauaji ni siasa au ni ibada? Kama ni siasa, basi ilifanywa ndani ya sala, baada ya kuinuka kutoka kwenye rukuu, na aliyeifanya ndiye tuliyeamrishwa kumfuata. Tena tujiulize mbona hoja hiyo haitumiki khatibu anapoitaja Gaza, ambako vita ni siasa tangu mwanzo hadi mwisho. Inaelekea kinachoitwa siasa ni maumivu yaliyo karibu kiasi cha kumfanya mkubwa fulani wa hapa aulizwe swali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililowakalisha jamaa wa msikiti ule majumbani siku ya maziko. Wanasema: kijana alikufa katika maasi, akiombewa hadharani, vijana wengine wataona kwamba wizi si kitu. Mafakihi wamekwisha kutujibu kwamba Muislamu mtenda dhambi husaliwa na huombewa, na kwamba yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kuombewa msamaha. Napenda kukumbusha riwaya moja ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huisikia. Liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa analo, na hakuacha cha kulilipia. Akawaambia Swahaba wamsalie mwenzao, yeye akajizuia. Hapo Abu Qatada akasimama akasema deni hilo liwe juu yake, na Mtume akamsalia marehemu yule.

Mara nyingi riwaya hii husomwa ili kutuonya juu ya madeni, nayo ni haki kusomwa hivyo. Lakini mtazame Abu Qatada. Alipoiona sala imekwama kwa sababu ya doa la marehemu, hakulikana doa lenyewe wala hakuenda zake nyumbani. Alilichukua akalibeba. Nyamongo ile, laiti mtu mmoja angesimama siku ya maziko akasema: kama kijana huyu alichukua mawe ya mtu, mwenye mawe anijie mimi. Basi sala ingepata watu. Na vijana wengine wasingejifunza kwamba wizi si kitu. Wangejifunza kwamba wizi ni deni zito, na kwamba wao si watu wa kutupwa.

Pingamizi la tatu linahusu mipaka ya udugu. Mada yetu ni kuwaombea waumini wenzetu, na wengi wa walioumia Nyamongo hawakuwa Waislamu. Je, wao hawatuhusu? Sisemi mipaka ya fiqhi ifutwe. Wanazuoni wametofautisha kumwombea msamaha aliyekufa nje ya Uislamu, jambo ambalo wamelikataza, na kumwombea aliye hai apate nafuu, riziki, uongofu na haki yake, jambo lililo wazi mbele yetu. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwonya juu ya dua ya aliyedhulumiwa, kwamba hakuna pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Onyo hilo lilitolewa kwa mtu aliyekuwa anakwenda kukusanya zaka na kutawala watu, na wanazuoni wengi wamefahamu kwamba dua hiyo husikilizwa hata ikitoka kwa asiyekuwa Muislamu. Ikiwa dua ya jirani yangu Mkurya inapaa bila pazia, mimi nina hoja gani ya kuweka pazia kati ya dua yangu na yeye? Tena wawili wasiokuwa Waislamu ndio waliomchimbia Muislamu kaburi. Wao hawakuuliza mipaka ya udugu, walichukua majembe.

Na sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kuidai Tanganyika. Alikuwa Mkatoliki, mtoto wa Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Simulizi za wazee wa Dar es Salaam, ambazo Mohamed Said amezihifadhi katika maandishi yake, zinaeleza kwamba kabla ya safari ile wazee wa Kiislamu wa mjini walimsomea dua. Hawakuishia hapo. Wanachama wa TANU, wengi wao watu wa kipato kidogo, walichanga fedha za kumsafirisha. Dua iliambatana na nauli. Wazee wale walielewa kwamba mtu anayeomba safari iwe njema, huku msafiri hana nauli na yeye mfukoni ana senti, hajamaliza kuomba.

Hiyo nauli ndiyo ninayoitafuta katika kunuti zetu. Namaanisha kile kitendo ambacho dua yenyewe inakidai kwa aliye na uwezo nacho. Kwa watu wa Gaza nauli yetu ni ndogo, kwa sababu mkono haufiki. Tunachanga tunachoweza, na tunasema kweli pale ambapo kusema kunasikika. Kwa watu wa Nyamongo mkono unafika. Nauli yao inaweza kuwa ada ya shule ya watoto wawili, au kumsindikiza mjane ofisini anakodai haki yake asiende peke yake, au kuandika jina la aliyekufa, tarehe na mashahidi, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na uvumi. Wanafunzi wangu waligundua haraka kwamba madai mengi ya watu huanguka si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa sababu hakuna aliyeandika kitu siku ile. Imamu mwenye daftari na kalamu ana nauli kubwa kuliko anavyodhani.

Lipo jambo jingine ambalo lazima niliseme, lisije likasomeka kwamba ninachochea laana. Kwetu mtu akionewa huwaza haraka kusoma Halbadiri, dua igeuke mkuki. Hata kunuti ya Mtume ilikuwa na maangamizi ndani yake. Lakini riwaya zinaeleza pia kwamba alipowaombea maangamizi baadhi ya watu wa Makka, akiwemo Safwan bin Umayya, Suhayl bin Amr na al-Harith bin Hisham, iliteremka aya ya kumkumbusha kwamba hukumu yao haikuwa mikononi mwake. Wote watatu baadaye walisilimu. Msikiti ule wa Nyamongo ulinikumbusha jambo hilo kwa macho. Katika safu moja walikaa bega kwa bega wachimbaji, wachuuzi wa dagaa, na watu wanaolipwa mshahara kulinda kuta ambazo wenzao huzivuka usiku. Wote walisema amina moja. Tumefundishwa kumsaidia ndugu akiwa mwenye kudhulumiwa na akiwa mwenye kudhulumu, na msaada wa huyu wa pili ni kumshika mkono asidhulumu. Basi dua ya karibu ina kazi mbili ambazo ya mbali haina: inamfariji aliyeumia, na inamfikia masikioni, angali hai na angali karibu, yule ambaye kesho anaweza kuumiza. Mlinzi aliyesikia jina la marehemu likitajwa katika kunuti hatakuwa na mkono mwepesi kama jana.

Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeipunguza Gaza. Mtume alitufananisha waumini na mwili mmoja ambao kiungo kikiuma mwili wote hukesha. Mwili wa namna hiyo hauchagui kidole. Mchimbaji aliyelia mbele yangu alikuwa kiungo kilichohisi, na moyo uliolia kwa ajili ya mtoto asiyemjua una uwezo wa kulia kwa ajili ya mtoto anayemjua. Katika miaka hiyo yote wapo watu wa London na wa Kanada, wengi wao si Waislamu wala hawajapata kuonja uji wa ulezi, waliosoma kuhusu Nyamongo wakaona inawahusu, wakabeba mafaili hadi mahakamani. Kwao Nyamongo ilikuwa jina la mji wa mbali. Waliilipia nauli. Itakuwa ajabu kama mateso ya Nyamongo yatajulikana katika mahakama za Ontario kabla hayajajulikana katika kunuti ya Nyamongo.

Nawaomba basi maimamu na jamaa zetu wa misikiti, wa migodini na wa mijini, jambo dogo linalowezekana. Kabla ya Ijumaa, kamati ya msikiti iulize katika mtaa wake: wiki hii nani amefiwa, nani amefungwa, nani mgonjwa hana wa kumpeleka hospitali, nani ardhi yake imechukuliwa? Yaandikwe majina matatu, baada ya kupata ridhaa ya wenyewe, maana shida ya mtu ni siri yake. Siku ya Ijumaa khatibu aiombee Gaza, aiombee Sudan, kisha ayataje majina yale matatu. Na kabla watu hawajatawanyika, msimamizi asimame aulize ni nani atakwenda kwa huyu, ni nani atakwenda kwa yule, na lini. Kama hakuna atakayeinua mkono, na iwe hivyo, lakini tutakuwa tumejua thamani ya amina tuliyoitoa dakika tano zilizopita.